Jumamosi Iliyorukwa

Onotoa,
Machi 14, 1994

Ndugu yangu Teburae,

Mauri. Afya, amani na neema viwe nawe huko uliko. Hujambo? Kile kifua kilichokuwa kikikubana kimekuachia? Sisi hatujambo, yaani hatujambo ya watu wa Onotoa, si ya watu wenye maji. Baba yupo. Macho yake yamezidi kuingia ukungu. Juzi alimwamkia nguruwe wa jirani kwa heshima zote akidhani ni mchungaji, na nguruwe alipokaa kimya Baba alirudi nyumbani amenuna, anasema wachungaji wa siku hizi hawana adabu. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Kisha nikaingia ndani nikalia, maana mgema asiyeona hapandi mnazi, na nyumba hii haina mgema mwingine. Tembo tamu la mtoto tunaletewa na binamu yetu Toanuea, akikumbuka.

Binti yako Rotia ameng'oka meno mawili ya mbele na akisema anapiga miluzi. Ulimwacha anatambaa, sasa ananiamrisha. Anakuita "baba wa jana". Nilimweleza kwamba ule mstari wa siku umepita katikati ya nchi yetu, kwa hiyo sisi tukiwa kanisani Jumapili, ninyi huko bado ni Jumamosi na mnakata mbata. Akafikiri weee, akaniuliza: "Shangazi, basi tukiona jambo baya huku, tunaweza kumwambia baba kabla halijamfika?" Ana akili kama mama yake, Mungu amrehemu.

Sasa yaliyonifanya nishike kalamu. Mvua hatujaiona tangu Oktoba. Mwezi uliopita bamvua lilipanda ufuo, likavuka njia, likaingia kwenye shimo la magimbi la marehemu Mama. Majani yamekuwa ya njano yote, na ukichimba unakuta gimbi limeoza ndani. Kisima nacho kimeanza. Usiseme dada yako anatia chumvi, chumvi imejitia yenyewe. Tunachota alfajiri kabla maji hayajapanda, tunachemsha, tunakunywa tukiwa tumefumba macho.

Jirani yangu Nei Tabitaake ananiambia shemeji yake aliye huko kwenu Teraina anawaita wao wote watano wahamie, na kwamba serikali inaleta meli. Kweli hayo? Kama ni kweli, mbona wewe kimya? Au umeoa huko unaona haya kutuonyesha?

Nijibu, na usinijibu kwa utani mtupu.

Dada yako,
Akoia


Teraina,
Juni 2, 1994 (kwenu tayari ni tarehe tatu)

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Afya, amani na neema. Mimi sijambo, kifua kimeniachia, na sijaoa. Nani atamtaka mwanamume anayenuka moshi wa mbata kuanzia kichwani hadi kidole gumba? Nipe salamu za Baba, umwambie hata huku wachungaji hawana adabu. Mbusu Rotia kwenye lile pengo. Barua yako imekaa melini na bandarini miezi miwili na nusu. Nimeisoma mara nne na chakula kimenishinda.

Dada, naona haya kukuambia tunavyoishi. Katikati ya kisiwa hiki kuna ziwa la maji baridi, kubwa, ukisimama upande huu huwezi kumwita mtu wa ng'ambo. Mvua inanyesha hadi tunaikemea. Nguo hazikauki, mbata inaota ukungu. Watu wanakoga, wanamwaga, wanachota tena. Siku ya kwanza niliyofika nilichota ndoo nikaibeba nyumbani kwa uangalifu, bila kumwaga tone, na vijana wakanicheka: "Huyo wa kusini!" Bado nabeba vilevile.

Habari ya meli ni kweli. Mtu aliyepewa kiwanja huku anaruhusiwa kuwaita ndugu wa nyumba yake, na meli itawachukua mwakani, Machi au Aprili. Ila karani wa hapa ameniambia wazi: asiyeandikwa hapandi. Anataka karatasi yenye majina yenu watatu, kila mmoja na alama ya kidole gumba, na anataka nyumba iwe imesimama na paa lake, si nguzo tupu, kwani kuna watu waliita ndugu zao wakaja kulala mvuani. Kitabu cha majina kinafungwa Desemba 31. Baada ya hapo hakuna meli nyingine inayojulikana.

Kwa hiyo nitumie karatasi upesi. Mimi nguzo ninazo tayari. Tatizo langu ni kazi: kambi yetu ya mbata iko mwisho wa mashariki, ng'ambo ya ziwa na tope, na kutoka huko hadi ofisini ni asubuhi nzima kwa miguu. Lakini nitajenga. Nitajenga hata kwa meno.

Usimpe mtu shimo la Mama bado. Ngoja kwanza majina yaingie.

Mdogo wako,
Teburae


Onotoa,
Septemba 9, 1994

Ndugu yangu,

Marahaba. Salamu zote za nyumba hii zikufikie, ingawa ni salamu za watu wenye midomo mikavu. Unaendeleaje? Sisi tupo.

Karatasi ni hii. Ilinde kuliko roho yako. Kidole cha kwanza ni changu, cha pili cha Rotia, aliyefurahi hata akapiga alama nyingine tatu ukutani. Hicho cha tatu kilicho kama doa tu la wino ni cha Baba. Karani akikuuliza kwa nini hakina mistari, mwambie ni kidole cha mtu aliyepanda minazi asubuhi na jioni kwa miaka hamsini, mistari yake imebaki huko kwenye miti. Alikataa kwanza. "Nife ugenini, kwenye tope?" Nikamwambia: Baba, huko kuna minazi mpaka mingine inaanguka bila kugemwa. Akageuza uso kunielekea. Akauliza, "Mingi kiasi gani?" Nikajua nimempata.

Teburae, Meere, binti wa jirani yetu Tabitaake, amefariki. Yule aliyekuwa akicheza na mwanao kila siku, wa umri uleule, mwenye kovu la kamba shingoni. Ni tumbo. Siku nne tu. Wahudumu wa zahanati walifanya waliloweza na walikuwa na chupa moja ya maji ya dawa kwa kijiji kizima. Tumemzika kando ya nyumba yao, na mama yake halali ndani tena, analala pale juu ya changarawe na mkeka. Majina yao watano yalishaingia kitabuni tangu Mei. Sasa ni wanne.

Wiki iliyofuata Rotia naye akaanza. Nisikufiche, niliona ameshakwenda. Nilimpa maji ya dafu kwa kijiko usiku na mchana, madafu ambayo Toanuea aliyatoa kwenye minazi yake mitatu ya mwisho yenye kuzaa. Amepona, lakini amekuwa mifupa na macho. Siku hizi nampimia maji. Nusu kifuu asubuhi, nusu kifuu jioni. Halalamiki. Hilo ndilo linaloniua, kwamba halalamiki.

Sikuombi kitu kingine chochote duniani. Ingiza majina yetu.

Dada yako,
Akoia


Onotoa,
Novemba 20, 1994

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua yako sijaipata, nikasema niandike tena, maana boti ya serikali inaondoka leo kwenda Tarawa. Tupo hai. Mvua ilinyesha siku moja, dakika kama kumi, tukatoka nje wote na masufuria kama wendawazimu. Baba alivua shati akasimama mdomo wazi. Kisha likawa jua.

Nina la kukuchekesha na la kukuonya. Redio imetangaza kwamba serikali inauhamisha ule mstari wa siku ili nchi nzima iwe na tarehe moja. Ninyi wa mashariki mtaruka siku. Rotia amesikitika sana, anasema sasa hutakuwa tena baba wa jana, utakuwa baba wa kawaida kama wa watu wote.

Lakini sikia vizuri, nilimwomba mwalimu anirudilie ili nisikosee. Mtalala Ijumaa Desemba 30, mtaamka Jumapili Januari mosi. Jumamosi ya tarehe 31 kwenu haitakuwapo. Nawe uliniambia kitabu kinafungwa tarehe 31. Mimi nakujua, Teburae. Wewe ni mtu wa siku ya mwisho tangu utotoni, hata kuzaliwa ulichelewa wiki mbili ukamtesa Mama. Peleka hiyo karatasi mapema. Paa lisipokamilika, lipeleke jina. Ukisubiri hiyo Jumamosi, utaikosa.

Nimeanza kusuka mikeka ya safari kwa majani ya mkadi yaliyobaki. Mitatu.

Dada yako,
Akoia


Teraina,
Februari 13, 1995

Dada Akoia,

Shikamoo. Sijui niulize afya yenu kwa uso gani. Barua yako ya Novemba imenifikia jana. Ilikwenda Tarawa, ikapelekwa Kiritimati, ikakaa huko, ikaja na meli ileile ambayo kesho inaanza safari ya kurudi magharibi kuwachukua watu. Nimeisoma nikakaa chini mchangani, na watu wakadhani nimefiwa.

Majina yenu hayamo.

Nakueleza yote, kisha nihukumu. Karatasi yenu ilinifikia Desemba 27, nikiwa kambini. Nyumba iko kwenye kiwanja changu karibu na kambi, na paa lilikuwa limebaki upande mmoja. Habari ya kuruka siku tulikuwa nayo, lakini nusunusu. Betri za redio ya kambi zilikufa mapema mwezi ule, na tulichojua ni kwamba usiku wa mwaka mpya siku moja itaondolewa. Tukabishana ni ipi. Mimi ndiye niliyeshika sana kwamba ni Januari mosi, kwamba tutatoka tarehe 31 tuingie tarehe mbili. Nilisema: nani atakata siku ya mwisho ya mwaka, watu wana shughuli zao? Wote wakaniona mwenye akili. Basi Ijumaa nzima nilikaa juu ya paa nashona makuti, nikitaka karani aje akute nyumba kamili, nisimdanganye. Nilimaliza jua linatua. Nilishuka nikaitazama nyumba yenu, dada, nikapiga makofi peke yangu.

Asubuhi nikaweka karatasi ndani ya kopo la biskuti, nikavuka tope. Nilipofika kijijini nikawaona watu wamevaa nyeupe. Nikamuuliza mzee mmoja, "Kuna maziko leo?" Akaniangalia miguu yangu, akasema, "Maziko ya nini, leo si Jumapili?" Nikamwambia, "Leo Jumamosi, mzee. Leo tarehe thelathini na moja." Akaita wenzake: "Njooni mumwone mtu wa mwaka jana!" Wakacheka. Mimi pia nilicheka, nilidhani ni utani. Kisha kengele ya kanisa ikalia.

Nilimngoja karani nje ya kanisa. Akasema kitabu alikifunga Ijumaa jioni na tayari ameshatuma majina kwa simu ya upepo. Nikamwambia, tangazo lenu ukutani limeandikwa tarehe thelathini na moja. Akasema ndiyo. Nikamwambia, basi hiyo tarehe iko wapi? Akasema, "Bwana Teburae, hiyo siku haikuwapo." Si mtu mbaya. Alikuwa na haya kama mimi.

Tangu siku hiyo nimemwendea kila juma. Nilipiga magoti. Aliandikia wakubwa wa Tarawa mara mbili, jibu likawa lilelile, meli imejaa. Ningeweza kukutumia ujumbe wa redio Januari, ukajua mapema. Sikutuma. Ujumbe wa redio unasomwa visiwa vyote, na nilishindwa kusikia jina langu likisomwa pamoja na ujinga wangu. Nilijidanganya kwamba karani atalegea, halafu haitakuwapo haja ya wewe kujua. Hilo ni kosa la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza.

Nakusihi, kama barua hii itawahi, usitoe shimo la Mama. Usitoe ardhi. Kaeni hapohapo. Nitatafuta njia, sijui ipi, lakini nitaitafuta.

Nyumba iko wazi. Silali humo. Sina ujasiri.

Mdogo wako,
Teburae


Onotoa,
Machi 30, 1995

Teburae,

Marahaba. Salamu fupi, meli inapakia na wino ni wa kuazima.

Barua hii unapewa na mtoto. Kabla hujaendelea kusoma, mtazame. Huyo aliyesimama mbele yako ni Rotia. Usimwite. Usimkumbatie. Sema tu, "Ahsante, Meere," kisha usome.

Barua yako imeshuka na meli hiihii iliyokuja kutuchukua. Nilikuwa ufuoni na mikeka yangu mitatu nimeifunga, sufuria limefungwa, Baba amevaa shati lake la komunyo. Mfuko wa posta ukafunguliwa pale juu ya mchanga, nikapewa barua, nikafurahi! Nilidhani unatuagizia tuje na kitu. Nikaisoma nimesimama katikati ya watu wanaoagana.

Shimo nilishalitoa, Teburae. Mwezi uliopita, kwenye baraza la kijiji ndani ya maneaba, mbele ya wazee wote, nilisema ardhi yetu na shimo la Mama ni vya Toanuea kwa sababu ya madafu yake yaliyomponya mtoto. Neno la maneaba halirudi. Usiku huohuo wazee walitupikia karamu ya kuagwa, wakatoa kuku wa mwisho wa kijiji. Nimekula kuku wa watu kwa safari nisiyoifanya. Leo mimi na Baba ni wageni kwa Toanuea, hata katika nyumba tunayolala.

Ningekuwa karibu nawe ningekuchapa hadi mkono uchoke. Unashona makuti! Nani alikuomba makuti? Tungelala mvuani, Teburae. Tungelala mvuani midomo wazi, tukafurahi. Nimekasirika, na huna haja ya kuuliza kama nitakusamehe, sijui.

Lakini nilikuwa na saa mbili, hasira nikaiweka kando. Afisa wa meli alianza kuita majina. Akafika kwa jamaa ya Tabitaake, akaita watano. "Meere, mtoto wa kike, miaka sita." Hakuna aliyekuwa amewaambia wafute. Tabitaake alianguka pale alipokuwa, kwa kulisikia lile jina likiitwa kama la mtu aliye hai.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Unajua mimi sijapata kumwomba mtu bubuti, hata chumvi, hata sindano. Kwa sababu bubuti haikataliwi, niliona ni kama kumwibia mtu huku anakutazama. Nilimwinamia yule mama aliyelala mchangani, mbele ya watu wote, nikamwambia: "Nei Tabitaake, nakuomba bubuti. Nipe jina la mwanao."

Alinitazama. Sijapata kutazamwa hivyo. Mumewe akasema, "Akoia, omba kingine." Nikasema sina kingine. Tabitaake akainuka akakaa, nikadhani atanitemea mate, na angekuwa na haki. Akasema, "Ukilichukua, linakuwa lake moja kwa moja. Sitalipokea tena jina la mwanangu likishatumika." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na ataniita mama." Nikasema ndiyo, Teburae. Nimesema ndiyo kwa niaba yako.

Akajifuta uso, akamwita Rotia, "Meere, njoo," na sauti haikumtetemeka. Ni mwanamke kuliko mimi.

Nimemfundisha mtoto nyuma ya boti. Jina lako nani? Meere. Mama yako nani? Nei Tabitaake. Yule bwana utakayemkuta ufuoni Teraina ni nani? Simjui. Ameshika haraka, nilikwambia ana akili. Ila mwishoni akaniuliza, "Na Rotia je, anakwenda wapi?" Nikamwambia Rotia anabaki na mimi, ananisaidia kumwongoza Babu. Akaridhika. Akaniambia nimpimie maji yake vizuri huyo Rotia, asionewe.

Ningeweza kumwomba Toanuea bubuti anirudishie shimo, najua unafikiri hivyo. Sitaki kuwa mwanamke wa bubuti mbili kwa siku moja. Na shimo lenyewe ni chumvi tupu.

Kuwa jirani mwema kwa watu hao. Ukimwita mwanao kwa jina lake mbele ya karani utamponza yeye na wao. Mpe samaki kama unavyompa mtoto wa mtu. Anapenda kichwa.

Boti inaondoka. Baba hajaelewa. Bado amekaa juu ya mikeka ananiuliza kama zamu yetu imefika.

Dada yako,
Akoia


Teraina,
Jumamosi, Septemba 2, 1995. Huku na huko.

Dada yangu,

Shikamoo. Afya, amani na neema kwako na kwa Baba. Hii ni barua ya tatu tangu meli ilipofika mwishoni mwa Aprili. Sijapata jibu. Najua ndege ya kusini imeharibika, na meli ya mbata ilivipita visiwa vyenu bila kutia nanga kwa sababu ya mawimbi. Najua pia hukuniahidi msamaha. Lakini niandikie hata matusi. Redio ilitaja ukame wa kusini mara mbili mwezi huu, nikaikimbilia, nikaitaka kambi nzima inyamaze, na hawakutaja kijiji.

Nimemfanyia karani kazi bila kulipwa ili jina lako na la Baba yawe mwanzo wa kitabu, kikifunguliwa. Nimeyaandika mwenyewe kwenye karatasi, na nimeipeleka siku ambayo hakuna mwezi unaokwisha, katikati kabisa, Jumatano. Karani alicheka kidogo. Meli nyingine itakuja lini, hajui.

Meere hajambo. Naandika Meere, ndivyo ninavyomwita. Wanaishi kwenye nyumba ile. Nilimwambia Tabitaake, nyumba ya shemeji yako ni ndogo, huku paa liko tayari, ninyi mpo wanne na mtoto, mimi nalala kambini. Alinitazama akajua najua anajua, akachukua vyombo vyake akaingia. Ni mama mzuri. Anamchana nywele kila asubuhi na hulia kidogo, na mtoto ameshazoea kuchanwa na mtu anayelia. Amenenepa. Meno yameota, miluzi imekwisha. Mimi sikuwahi kuisikia.

Huwa napita jioni na samaki. Namsalimu, ananisalimu kwa heshima kama mtoto wa watu. Wiki iliyopita nilikaa mlangoni kumngoja mume wa Tabitaake, Meere akatoka na kifuu cha maji kuninywesha mimi mgeni, kisha akachota chake. Dada, ziwa liko hapo, hatua mia. Akanywa nusu. Ile nusu nyingine akaenda nayo nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Ameweka vifuu vingi chini ya makuti, vimepangwa, vyote vina maji nusu, vingine vimeota viluwiluwi. Tabitaake anasema amejaribu kumwambia, hasikii, akivimwaga analia siku nzima.

Nikachuchumaa nikamuuliza taratibu, "Meere, haya maji ni ya nani?"

Akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu, akaninong'oneza, kwa kuwa mimi si mtu wa kumwogopa:

"Ya shangazi. Na haya ya Rotia."

Jibu, dada.

Mdogo wako,
Teburae